Bia nyeusi ya pipa la mvinyo ikikukwaza mdomoni: tatizo liko wapi?

Chupa imefunguliwa, bia imemiminwa, na kuna kitu hakiko sawa. Inakausha mdomo. Au inanuka siki. Au hainuki chochote, ilhali kibandiko kimeahidi vanila, cheri na kakao. Bia nyepesi ikikukwaza unaiacha na mambo yanaisha. Bia nyeusi yenye kileo cha asilimia 10 hadi 14, iliyolala miezi mingi ndani ya pipa lililowahi kubeba mvinyo, inastahili kusikilizwa kwanza kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu dalili yake moja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Uchachu uleule unaweza kuwa umetoka kwenye mvinyo uliokuwa umenyonywa na mbao, na unaweza kuwa kazi ya bakteria ambao hawakualikwa. Ukavu uleule unaweza kuwa wa mwaloni, mti wa kutengenezea mapipa, wa kimea kilichoungua, au wa baridi ya friji tu.

Mimi huuliza swali la wakati kabla ya swali la ladha. Kasoro imejitokeza lini: puani kabla hujaonja, ulimi ulipogusa, katikati ya funda, au baada ya kumeza? Na bia ikikaa nusu saa glasini, kasoro hiyo imepungua, imebaki palepale, au imezidi? Maswali hayo mawili yamenisaidia kuliko orodha zote za majina ya ladha nilizowahi kukariri.

Anza na vitu ambavyo si bia

Niliwahi kufungua chupa iliyokuwa imetunzwa miaka mitatu, nikanusa, nikakutana na uvundo wa nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Nikaamua palepale kwamba kizibo kimeharibika. Mwenzangu alikuwa amemiminiwa kutoka chupa hiyohiyo, naye akasema yake inanukia zabibu kavu na mbao. Tukabadilishana glasi. Uvundo ukahamia kwake. Glasi yangu ilikuwa imefutwa kwa taulo la jikoni lenye unyevu, na harufu ya taulo ikabaki imenata kwenye kioo. Tangu siku hiyo sinusi bia kabla ya kunusa glasi tupu.

Glasi ikinuka kabati, sabuni au kitambaa, isuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kisha izungushie kijiko kimoja cha bia yenyewe, mwaga, ndipo umimine. Tumia glasi ya mvinyo au yoyote yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na usiijaze zaidi ya theluthi. Ile nafasi tupu juu ya bia ndiyo inayokusanya harufu. Glasi iliyojaa hadi ukingoni haikupi kitu cha kunusa.

Mdomo nao ukaguliwe. Dawa ya meno inayotoa povu huzima utamu na kuinua uchungu kwa muda, kwa hiyo usionje mara tu baada ya kupiga mswaki. Kahawa, pilipili na sigara huacha mabaki marefu. Manukato na mafuta ya mikononi huingia puani kila unapoinua glasi, na ni rahisi kuyasahau kwa sababu pua yako imeshayazoea.

Na kama mashaka bado yapo, fanya kama tulivyofanya sisi: mgawie mtu wa pili bia hiyohiyo katika glasi nyingine, bila kumwambia unachohisi. Ukishamtajia siki, ataipata hata kama haipo.

Hainuki, na ladha ni nyembamba

Mara nyingi sababu ni baridi. Bia iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4 imefunga harufu zake. Zile molekuli za vanila, matunda na mbao hazipandi hewani kwa wingi wa kutosha. Kibaya zaidi, baridi hupunguza utamu unaoonekana ulimini huku uchungu na ukakasi vikibaki wazi, basi bia tajiri inaonekana kama maji ya makaa. Shika tumbo la glasi kwa viganja viwili, izungushe taratibu, urudi kila baada ya dakika tano. Kati ya nyuzi 12 na 14 ndipo bia nyingi za aina hii hufunguka, na nyingine huendelea kupanda uzuri hadi 16.

Kama imefika joto hilo na bado kimya, angalia mambo mawili. La kwanza ni pipa lenyewe. Pipa la mvinyo la kawaida la Bordeaux hubeba lita 225, na likishapita mvinyo mara tatu au nne huwa limetoa sehemu kubwa ya vanila na viungo vilivyokuwa kwenye mwaloni wake. Pipa kama hilo si bovu. Bado linaipa bia hewa kidogokidogo na kumbukumbu ya mvinyo, lakini ukilitegemea likupe vanila unalionea. La pili ni uvundo wa kizibo, ule wa karatasi iliyolowa, ukiwa chini ya kiwango cha kunusika. Kemikali inayousababisha huzima harufu nyingine hata pale ambapo yenyewe huinusi. Hapo njia ya kuthibitisha ni chupa ya pili ya toleo lilelile.

Inachoma

Kileo huamsha vipokezi vilevile vya mdomoni vinavyohisi pilipili na joto, kwa hiyo kuungua kidogo kwenye bia ya asilimia 13 ni jambo la kawaida, na huongezeka kadiri bia inavyopata joto. Iweke glasi kwenye bakuli la maji baridi dakika chache, onja tena. Ikitulia, tatizo lilikuwa joto la chumba.

Ikibaki inachoma hata kwenye nyuzi 12, na puani kuna kitu cha kiyeyusho cha rangi au petroli, hizo ni pombe nzito zilizozaliwa wakati wa uchachushaji, pengine hamira iliachwa kwenye joto kubwa au ililazimishwa kufanya kazi kuliko uwezo wake. Hapo mbao hazina kosa, na nisingeitunza chupa kwa matumaini kwamba miaka itaisafisha.

Inakausha mdomo

Kiswahili kimetupa neno lake lenyewe: ukakasi. Ni ile hisia ya ndizi mbichi, ya chai iliyosahaulika na majani yake. Neno hili linasaidia kwa sababu linautenga ukakasi na uchungu, na katika bia nyeusi ya pipa kuvichanganya viwili hivi ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi.

Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Tanini za mwaloni na za ngozi ya zabibu hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na nyama za mdomo zinaanza kukwaruzana. Jaribu hivi: chukua funda dogo, meza, kisha pitisha ulimi juu ya fizi za mbele na ndani ya mashavu. Ukihisi kama umepitisha ulimi kwenye kitambaa cha mahameli uliposugua kinyume cha manyoya yake, hizo ni tanini. Kama fizi zinateleza lakini kuna kitu kizito kimekaa nyuma kabisa ya ulimi, kama ganda la mkate ulioungua, huo ni uchungu wa kimea cheusi na hopsi, maua yanayoitia bia uchungu. Bia nyingi zina vyote viwili, na kazi yako ni kujua kipi kinakukera.

Ukishajua ni ukakasi, tafuta umetoka wapi. Pipa jipya hutoa tanini nyingi kuliko lililozeeka. Pipa dogo hutoa haraka kuliko kubwa, kwa kuwa kila lita ya bia inagusa eneo pana zaidi la mbao. Pipa la mvinyo mwekundu linaongeza tanini za zabibu juu ya zile za mwaloni, na ndiyo maana bia ileile ikilazwa kwenye pipa la mvinyo mweupe hutoka laini zaidi. Kisha kuna ukakasi usiohusiana na pipa hata kidogo: maganda ya nafaka yakisuuzwa kwa maji yenye moto uliozidi kama nyuzi 77, au yasiyo na asidi ya kutosha, hutoa tanini zao wenyewe. Huu wa maganda una ukali wa majani makavu na haufuatani na harufu yoyote ya mbao. Wa pipa kwa kawaida huja na ndugu zake: vanila, karafuu, nazi, moshi mwepesi. Nazi ikijitokeza sana, pipa huenda ni la mwaloni wa Marekani, ambao una laktoni, kemikali zenye harufu ya nazi, nyingi kuliko wa Ulaya.

Jambo moja limewaponza waonjaji wazuri kabisa. Ukakasi hujilimbikiza. Funda la kwanza ni tamu, la tatu lina ukavu kidogo, la sita unahisi umelamba ubao, na bia haijabadilika hata chembe. Mate yako ndiyo yamekwisha nguvu. Kabla ya kuandika kwamba mbao zimezidi, kunywa maji, tafuna kipande cha mkate usio na kitu, subiri dakika mbili au tatu, ndipo uonje tena. Kama funda hilo jipya linakausha kwa nguvu ileile ya funda la sita, kosa ni la bia. Kama limerudi kuwa kama la kwanza, punguza kasi tu.

Pipa lililozidi kweli lina dalili ya pili, nayo ni harufu ya mbao mbichi, ya penseli iliyochongwa sasa hivi, ambayo haikuunganika na bia bali inasimama pembeni yake. Chupa kama hiyo si ya kutupa. Tanini hulainika taratibu chupani, na mwaka mmoja mahali penye giza na ubaridi unaweza kuibadilisha. Kama huna subira ya mwaka, kipande cha jibini hufanya kazi nzuri hapohapo, maana tanini huzishika protini zake na kuyaacha mate yako.

Imechacha

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Bia nyeusi ya kawaida huwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka uchachu unapanda, ya takriban 4.2 hadi 4.5. Mvinyo mara nyingi uko kati ya 3.3 na 3.8. Mbao za pipa zilizolowa mvinyo hubaki zimeubeba kwa ndani, lakini tuseme ni lita tano zilizorudi kwenye bia: katika pipa la lita 225 hiyo ni kama asilimia 2. Kiasi hicho kinaweza kutia rangi ya zabibu kwenye kingo za glasi na uchangamfu kidogo ulimini. Hakiwezi kuifanya bia iwe chachu hadi mashavu yajikunje. Mtu akikuambia uchachu mkali ni wa mvinyo uliobaki pipani, hesabu inamkatalia. Kuna viumbe hai vilivyofanya kazi humo.

Swali linalofuata ni kama vilitumwa. Wapo watengenezaji wanaopanda bakteria na hamira za mwituni kwa makusudi, na kibandiko chao husema hivyo au hutaja aina ya bia chachu. Soma kwanza, ndipo ulalamike.

Kama havikutumwa, bana pua kwa vidole, chukua funda, lizungushe mdomoni, kisha achia pua. Pua ikiwa imebanwa, asidi zote zinafanana. Unahisi uchachu tu. Ukiachia pua na usipate jipya, au ukapata kitu cha mtindi, huo ni uchachu wa asidi ya laktiki, kazi ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus au Pediococcus. Ni uchachu laini na mviringo, ingawa juu ya kimea kilichoungua hukaa vibaya: ukali wa kahawa na uchachu wa mtindi havipatani, na mara nyingi hicho ndicho kinachomkwaza mtu kabla hajajua jina lake. Pediococcus anaweza pia kuacha harufu ya siagi.

Ukiachia pua na siki ikakupanda hadi machoni, hiyo ni asidi ya asetiki. Bakteria wake, Acetobacter, hawezi kuitengeneza bila oksijeni, kwa hiyo siki inakueleza historia ya pipa: kioevu kilivukizwa kupitia mbao, nafasi ya hewa ikafunguka juu, hakuna aliyelijazia, au mlango wa pipa ulifunguliwa mara nyingi mno kwa ajili ya kuonja. Pamoja na siki huja mara nyingi harufu ya kiondoa rangi ya kucha, kwa sababu asidi hiyo ikikutana na kileo huzaa etili asetati. Siki kidogo sana, iliyo chini ya kiwango cha kuitaja jina, huweza kuinua matunda. Ikishatajika kwa jina katika bia nyeusi nzito, kwangu mimi imeshaharibu. Na haitapungua: kadiri glasi inavyopata joto ndivyo inavyopanda.

Kiumbe wa tatu ana heshima yake. Mwaka 1904, Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alieleza hamira aliyoikuta kwenye bia za Uingereza zilizozeeshwa, akaipa jina Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Kwake ilikuwa ndiyo inayozipa bia hizo tabia yake. Hamira hii hukaa ndani ya nyufa na vinyweleo vya mbao ambako maji ya moto hayafiki kwa urahisi, na mapipa ya mvinyo ni makao yake mazuri. Inanuka ngozi, zizi la farasi, plasta ya kidonda, wakati mwingine karafuu na moshi. Ukipata ngozi na cheri, huenda umepata bia nzuri. Ukipata plasta peke yake, na mwili wa bia umekuwa mwembamba kwa sababu sukari zimeliwa, maambukizi yamepita mipaka. Dalili ya kuambatana nayo ni gesi nyingi, na hapo chupa nyingine za toleo hilo zihifadhiwe baridi, maana uchachushaji unaoendelea chupani unaweza kupasua kioo.

Kiberiti, na uvundo wa ghala

Mapipa ya mvinyo yakikaa matupu hufukizwa salfa ili yasiote ukungu. Yasiposuuzwa vizuri, bia hunuka njiti ya kiberiti iliyowashwa muda huu. Yai viza ni jamaa wa karibu, ingawa hilo hutoka zaidi kwa hamira. Zote mbili hukupata mapema, mara tu unapoingiza pua, na zote huelekea kuondoka kwa hewa. Mimina kutoka kimo kidogo, zungusha glasi, subiri dakika kumi na tano.

Uvundo wa kizibo, ule wa karatasi iliyolowa na ghala lisilofunguliwa, unakwenda kinyume. Hewa haiuondoi; mara nyingi unazidi kujitokeza. Hapa ndipo kipimo cha nusu saa kinapokata shauri bila ubishi. Na usiridhike na kuangalia kizibo tu: kemikali hiyo huzaliwa pale kuvu wanapokutana na mabaki yenye klorini, na mbao za pipa zinaweza kuipata kama linavyoipata gome la kizibo. Ndiyo maana chupa yenye kifuniko cha chuma nayo huweza kuwa na uvundo huo, na hapo toleo zima liko mashakani.

Sosi ya soya, supu, zabibu kavu

Oksijeni kwa bia hii ni rafiki hadi siku inapogeuka. Mwanzoni inaleta tini kavu, zabibu kavu, lozi, ladha za mvinyo wa Jerez, yaani sherry ya Hispania. Watu wengi hutunza chupa miaka kwa ajili ya hizo, nami ni mmoja wao. Ikizidi, utamu unakuwa wa karatasi ngumu na asali iliyochakaa, na katikati ya funda panakuwa patupu: mwanzo upo, mwisho upo, katikati hamna kitu.

Ladha ya sosi ya soya au mchuzi wa nyama ni jambo jingine. Ni hamira zilizokufa na kupasuka, zikamwaga vilivyomo ndani yake. Bia iliyokaa muda mrefu juu ya masimbi yake, yaani hamira zilizotua chini, hasa kwenye joto, huipata. Tofautisha hivi: kazi ya oksijeni unainusa kabla ya kuonja, ila ule uchumvi wa mchuzi unauhisi zaidi katikati ya funda na pembeni mwa ulimi. Kama ulimimina chupa yote hadi tone la mwisho, jaribu kwanza chupa nyingine iliyosimama wima siku nzima, mimina taratibu kwa mkono mmoja bila kuirudisha, na uache sentimita moja ya mwisho chini. Masimbi peke yake yanatosha kukudanganya.

Povu halipo, au limefurika

Kutokuwa na povu si kosa kubwa hapa. Kileo kingi huliua, mafuta kwenye glasi huliua, na hamira iliyochoka baada ya miezi pipani haina nguvu ya kutengeneza gesi ya kutosha chupani. Angalia ulimi badala ya macho: kama kuna mchomo mwembamba wa gesi unaobeba utamu, inatosha. Kama hakuna kabisa, bia itaonekana tamu na nzito kuliko ilivyo, na hapo ipoze nyuzi mbili tatu ili ishikike. Kufurika kunapotokea chupa ikiwa baridi na haijatikiswa, rudi kwenye sehemu ya uchachu juu.

Glasi zote zimeanza kufanana

Chupa ya mililita 330 yenye kileo cha asilimia 12 ina gramu 31 hivi za kileo halisi. Ya asilimia 5 ya ujazo huohuo ina 13. Ukiwa na chupa nne za kulinganisha, chukua mililita 60 hadi 90 za kila moja, anza na isiyo kali, malizia na yenye uchachu. Maji katikati. Ukifika mahali ambapo kila kitu ni chokoleti tu, acha. Maandishi ya baada ya hapo hayana thamani. Na usiendeshe gari.

Inaanza vizuri, inaisha vibaya sana baada ya kumeza

Dalili hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Pua haina neno. Funda ni zuri: cheri, kakao, mwaloni. Unameza, unahesabu hadi kumi, ishirini, na nyuma ya mdomo inapanda harufu ya kizimba cha panya, au ya unga wa nafaka uliochakaa. Inakaa dakika nzima. Unanusa glasi tena kuitafuta, haipo.

Haipo kwa sababu asidi ya bia inaizuia kupaa. Mate hayana asidi ya kiwango hicho, kwa hiyo bia ikishachanganyika nayo, kile kilichokuwa kimefungwa kinaachiliwa, wakati funda limeshapita. Ni kazi ya Brettanomyces au baadhi ya bakteria wa laktiki, na hutokea zaidi pale oksijeni ilipoingia wakati wa kuhamisha bia au kuijaza chupani. Ili kuithibitisha bila kumeza tena, dondosha tone moja kwenye ngozi ya kifundo cha mkono, lisugue, subiri kidogo, nusa. Ngozi hupunguza asidi kama mate yanavyofanya, na harufu inatoka. Usishangae jirani yako asipoipata: mate yanatofautiana mtu na mtu, na wapo wasioihisi kabisa, kwa hiyo mezani mmoja anaweza kukunja uso huku mwingine akiomba aongezewe, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kati ya kasoro zote za pipa, hii ndiyo yenye nafasi nzuri ya kujiponya. Zisimamishe chupa zilizobaki mahali baridi kiasi na penye giza, andika tarehe kwenye kibandiko, na ufungue moja baada ya miezi mitatu, nyingine baada ya sita. Kila mara anza na tone la kifundo cha mkono kabla ya kumimina.